Faili Inayoanza na Nukta

Scovia alipangusa vumbi la kibodi kwa ncha ya leso aliyombebea mtoto, akawasha kompyuta ya dirisha la pili, akasubiri. Kompyuta za kituo kile cha afya, hapo juu kidogo ya soko la Kosele, ziliamka kama watu wenye cheo: polepole, kwa kelele, na bila kuomba radhi. Nje watu walikuwa wameshafika. Wa kwanza walikalia benchi, waliokosa benchi walikaa kwenye nyasi, na waliokosa nyasi walisimama kando ya tangi la maji, ambalo halikuwa na maji lakini lilikuwa na kivuli.

Programu ya kazi iliitwa foleni. Haikuwa na picha wala vitufe vya kupendeza. Ilikuwa dirisha jeusi lenye maandishi meupe, na ulichokitaka ulikiandika mwenyewe, neno kwa neno. Shirika moja la Nairobi ndilo lililoileta, likapiga picha, likala kuku, likaondoka. Karani aliandika foleni pokea, akaongeza jina la mgonjwa, akabonyeza, na programu ikajibu:

daktari: hayupo
dawa: zimeisha
ushauri: rudi Jumanne

Hata siku yenyewe ikiwa Jumanne, ilijibu vivyo hivyo.

Gordon, karani wa dirisha la kwanza, alikuwa ameacha kuangalia skrini zamani. Aliandika huku akimtazama mgonjwa usoni, akasema yote matatu kwa pumzi moja, akamwita anayefuata. Wakubwa walimsifu kwa wepesi wake. Kwa kweli hapakuwa na mtumishi aliyehudumia watu wengi kwa siku kama Gordon.

Scovia hakuwa mwepesi. Maneno yale aliyasema moja moja, kwa sababu na yeye alikuwa akiambiwa hayo hayo. Binti yake Mellen, ambaye ndiyo kwanza ameanza kupanga maneno mawili matatu, alikuwa na sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Baridi ikiingia tu, viungo vilimuuma, akalia kwa sauti ndogo, ya mtu mzima aliyezoea. Vidonge vyake vilikuwa vya kila siku. Kila vilipokaribia kwisha, Scovia aliandika jina la mwanawe kama la mgonjwa mwingine yeyote, na programu ikamjibu kama ilivyowajibu wengine wote. Upendeleo haikuwa nao, kwa hilo lazima isifiwe.

Vidonge vilipatikana sokoni, dukani kwa Edith, mke wa Bwana Wangwe, msimamizi wa kituo. Kwa Edith dawa hazikuwahi kuisha. Watu walisema ni baraka, maana Edith alikuwa mtu wa kanisa, na bei zake nazo zilikuwa za kumfanya mtu asali. Scovia alinunua alivyoweza. Alimpa Mellen leo, akaruka kesho.

Jioni alisoma. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha kanisa la Wasabato, kompyuta zilikuwa kuukuu, na mwalimu alikuwa Japheth, kijana mwenye shati moja zuri. Mellen alilala kwenye mkeka chini ya meza, mkono wake umeshika kifundo cha mguu wa mama yake ili asiende popote.

"Hizi programu za kuandika amri zina adabu sana," Japheth aliwaambia. "Ukiiita, kwanza inasoma faili kuu, ile ya watu wote. Halafu inakuja mpaka nyumbani, kwa folda yako wewe, inapiga hodi: mwenye nyumba ana la kusema? Ikipata faili yako, yako ndiyo inashinda. Lakini ni kwako tu. Kwa jirani haifiki."

"Na ile kuu, mwalimu, inabadilishwa na nani?" Scovia aliuliza.

"Mwenye pasiwadi kuu."

"Na hiyo pasiwadi iko kwa nani?"

"Mama Mellen, hapa tunafunza kompyuta, siasa ni kule sokoni."

Alisema pia kwamba jina la faili ya mtumiaji huanza na nukta, ili isionekane ovyo ovyo. Scovia alilishika hilo vizuri. Alikuwa ameishi na mama mkwe, alijua faida ya kitu kisichoonekana ovyo ovyo.

Alianza kwa mambo madogo. Maandishi meupe yalimuumiza macho, akaunda faili yake, nukta mbele, akaandika rangi = kijani. Kesho yake maandishi yalikuwa ya kijani, dirisha la pili peke yake. Akaongeza salamu = Karibu, pole na safari, na programu iliyokuwa bubu ikaanza kupokea watu kama watu. Akafupisha neno pokea likawa p, kwa sababu mara nyingi alikuwa na mkono mmoja wa kuandikia na mwingine wa kumshikia mtoto. Kwa siku kadhaa alikuwa na furaha ya mpangaji aliyeruhusiwa kupaka chumba rangi.

Kisha ikaja asubuhi ya mvua. Mellen alikuwa mgongoni, akilia kile kilio chake cha utu uzima, na kwenye mkoba hapakuwa na kidonge hata cha kuruka. Scovia aliifungua faili kuu. Mtu yeyote aliruhusiwa kuisoma, na hakuna aliyewahi. Ilikuwa fupi. Palikuwa na rangi, palikuwa na jina la kituo, na chini yake palikuwa na hii:

daktari = hayupo
dawa = zimeisha

Aliyeyaandika hakuwa na ubaya. Siku ya kwanza aliuliza hali ya kituo ikoje, akaandika alichoambiwa.

Scovia alirudi kwenye faili yake, akaandika daktari = yupo. Akashuka mstari, akaandika dawa = zipo. Akahifadhi. Akaandika p Mellen, akabonyeza.

Papo hapo Daktari Mokaya, daktari wa kituo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha chumba cha daktari, kiti ambacho Gordon alikitumia kutundikia koti. Alikuwa na glavu mkono mmoja, na swali mdomoni, ambalo alikuwa amelianza akimwuliza mtu mwingine katika kliniki yake mwenyewe, mjini Migori.

"...tangu lini?" alimalizia.

"Tangu jana jioni, daktari," Scovia alijibu, akimteremsha Mellen mgongoni.

Daktari aliangalia kuta. "Hii rangi mlipaka lini?"

"Mwaka jana."

"Si mbaya." Akavaa glavu ya pili, akamshika Mellen magoti kwa upole wa mtu aliyeipenda kazi yake, kila alipokuwepo.

Kwenye kabati, nesi Dolphine alikuta makopo ya dawa yamepangwa mistari, kila moja na stika ya bei kutoka dukani kwa Edith. Alichukua vidonge vya Mellen, akaibandua stika kwa ukucha, akaibandika ukutani isije ikapotea. Chini ya stika palikuwa na mhuri: mali ya serikali, si ya kuuzwa. Dolphine aliusoma kwa sauti, akamgeukia mama Mellen, min Mellen kwa Kijaluo chake, akaendelea na maelezo.

"Kimoja kila siku, min Mellen, baada ya chakula. Na maji mengi."

Mchana ule Mellen alicheza na kifuniko cha chupa sakafuni, bila kulia. Scovia alimtazama mpaka macho yakamwuma, ingawa maandishi yalikuwa ya kijani.

Habari haikuchelewa kufika sokoni. Msururu wa dirisha la pili ulizunguka tangi la maji, na wa dirisha la kwanza ukabaki na wale wasiopenda kusubiri. Mlango wa daktari ulikuwa mmoja. Mgonjwa wa Scovia akiufungua, alimkuta Daktari Mokaya. Mgonjwa wa Gordon akiufungua, alikuta kiti na koti. Mzee mmoja alisikia kabisa kikohozi cha daktari kupitia dirishani, akaingia, akakuta koti, akatoka akaenda zake. Alikuwa ameshaambiwa hayupo, kosa lilikuwa lake kutosikia.

Gordon aliona kwamba mwenzake ana kitu.

"Scovia, si na mimi unitengenezee hiyo faili."

"Nikuandikie daktari awe yupo?"

"Daktari wa nini, dada? Akiwepo kazi inakuwa mingi. Niandikie chai."

Akamwandikia chai = ipo. Tangu siku hiyo chupa ya chai ya Gordon haikupungua, na yeye hakuwa na lalamiko tena kuhusu teknolojia.

Siku ya soko Edith mwenyewe alikuja, amevaa vizuri, akapita kando ya msururu kama wanavyopita wake wa wasimamizi.

"Min Mellen, hujambo? Mtoto?"

"Hajambo, mama. Anacheza."

"Mungu ni mwema. Sasa nisikilize. Duka langu nalifunga kwa kufuli, nikifungua, rafu ni tupu kama uwanja wa mpira."

"Pole sana."

"Sijakuja kugombana, la hasha. Nataka tu kujua, hicho kitu chako unakiwasha asubuhi ama mchana? Ndio niwe nauza mapema."

Scovia alimwambia ukweli, kwamba ni asubuhi, mara tu kompyuta inapoamka. Edith alishukuru. Alipita kwa nesi Dolphine, akazibandua stika zake ukutani moja moja, akaenda nazo. Zilikuwa bado na gundi.

Bwana Wangwe aliitisha mkutano. Palikuwa na soda. Daktari Mokaya alihudhuria, kwa kuwa Scovia hakuwa amezima kompyuta, akasema kwa masikitiko kwamba watu wake wa Migori sasa wanaambiwa daktari hayupo, na jambo hilo linawakatisha tamaa.

"Mimi sina hasira," Bwana Wangwe alianza, akifungua chupa. "Mimi napenda ubunifu. Hii kitu ya Scovia ni nzuri, tena nzuri sana. Shida yake ni moja: haina utaratibu. Sasa mtu yeyote tu anatibiwa."

Watu waliitikia kwa vichwa. Gordon alijimiminia chai.

"Bwana Wangwe," Scovia alisema, "si tungebadilisha faili kuu? Ni mistari miwili tu. Halafu itakuwa kwa wote, hata dirisha la Gordon."

"Usiniingize," Gordon alisema.

"Mama Mellen, faili kuu ni jambo kubwa," Bwana Wangwe alisema.

"Ni ndogo, Bwana. Inaenea kwenye skrini moja na nafasi inabaki."

"Ukubwa ninaouongelea si huo."

Ikaamuliwa kwamba faili za watumiaji zitambuliwe rasmi, kwa manufaa ya watumishi na watoto wao. Bwana Wangwe alitoa pasiwadi kuu kwenye mfuko wa shati, ilikokuwa imekaa siku zote pamoja na kalamu, akaifungua faili kuu mbele ya wote, akaandika wanufaika = watumishi na watoto wao. Akaufunga mstari huo kwa kufuli ya programu, ili faili ya mtumiaji yeyote isiweze kuushinda. Ilikuwa mara ya kwanza faili kuu kubadilishwa tangu iletwe. Mistari ya daktari na dawa ilikuwa juu kidogo tu ya hapo. Kishale kilipita juu yake kikienda, kikapita tena kikirudi.

Walipotoka, alimvuta Scovia kando. "Mtoto wako amepata nafuu, ama sivyo?"

"Amepata, Bwana. Nashukuru."

"Basi tulia. Ukiwa na chako, tulia."

Na Scovia alijaribu kutulia. Alikuwa na sababu. Mellen alikuwa akikimbia, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akianguka, akiinuka, akianguka tena kwa furaha ya mtu anayefanya makusudi. Faili yenye nukta sasa ilikuwa na mstari mpya ambao programu yenyewe ilikuwa imemtaka aujaze: watoto = Mellen. Jina moja, lililoandikwa vizuri. Mtu mwenye akili angeishia hapo.

Wa kwanza asubuhi iliyofuata alikuwa Mzee Motari, mtu wa Ntimaru aliyepanga chumba Kosele akiuza mahindi. Alikuwa na presha. Kofia aliishika mkononi, kama watu wanavyofanya mbele ya kioo chochote cha serikali.

Scovia aliandika p Motari.

Karibu, pole na safari
daktari: yupo
dawa: zipo
Motari: si mtoto wako

"Inasemaje, mama?" aliuliza mzee.

Scovia alimtazama. Alikuwa rika la babu yake. Nyuma yake kulikuwa na mama mmoja kutoka Kisegi, muuza dagaa wa omena, mwenye mguu uliovimba, na nyuma ya huyo msururu ulizunguka tangi. Mellen alikuwa sakafuni akimwonyesha kifuniko cha chupa. Scovia aliifungua faili yake. Baada ya neno Mellen aliweka mkato, akaandika Motari.

Maumivu ya kiuno yalimshika, yale yale ya uzazi aliyoyakumbuka, akaegemea meza kwa mikono miwili. Yalipita upesi, kama yanavyopita kwa aliyekwisha kuzaa. Maziwa yalilowesha blauzi. Akavuta leso, akajifunika.

"Sweta yako iko wapi?" alimwuliza Motari. "Na baridi yote hii ya asubuhi!"

"Nimesahau, mama."

"Kila siku umesahau. Ingia kwa daktari, na ukitoka unione."

Mzee aliingia akiwa ameinamisha kichwa. Watu wa msururu hawakuona jambo la kuzungumzia. Alikuwa akimwita mama tangu zamani, kama watu wanavyomwita kila mwanamke aliye nyuma ya kioo. Kilichoongezeka ni kwamba sasa alikuwa anasikia akiambiwa.

Muuza omena alifuata, kisha fundi wa baiskeli, kisha mapacha wenye mvi. Hadi saa za chakula Scovia alikuwa akitembea ameshika kiuno, na nesi Dolphine alimletea uji.

"Kunywa, min Mellen. Mzazi hakai njaa."

Mume wake, Sammy, alikuwa akijenga nyumba za watu mjini Homa Bay. Alipopigiwa simu akaelezwa kwamba familia imeongezeka, aliuliza swali moja.

"Hao watoto watataka shamba?"

"Bado hawajasema."

"Waambie tuna kipande kidogo tu."

Jioni watoto walikuja nyumbani kula, kama kawaida ya watoto. Walikuwa wamelelewa vizuri, hawakuja mikono mitupu: Motari alibeba unga, yule wa Kisegi alikuja na omena kwenye gazeti. Walikaa uani, wakubwa kwa wadogo, wakigombania nafasi ya karibu na mama. Mellen aliwakagua mmoja mmoja, akachomoa biskuti kinywani, akampa Motari amalizie. Motari aliimaliza. Scovia hakumaliza kupika mpaka miguu ilipokufa ganzi, na Japheth alipouliza mbona haonekani darasani, aliambiwa ana watoto.

Shirika la Nairobi lilikuja kuona maendeleo. Bwana Wangwe aliwaonyesha takwimu: malalamiko ya watumishi kuhusu dawa yalikuwa yamekwisha kabisa. Walipiga picha, wakala kuku. Mama mmoja mwenye miwani alifika dirisha la pili, akatabasamu.

"Na wewe, mama, una watoto wangapi?"

Scovia aligeuza skrini kidogo. Mama mwenye miwani alisoma, akashuka, akazidi kushuka. Uso ukamlegea kwa huruma. Akafungua mkoba, akampa bango la uzazi wa mpango, la rangi, karatasi nzito. Scovia alishukuru, akalibandika ukutani, pale stika za Edith zilipokuwa.

Gari la dawa la serikali liliendelea kupita mbele ya kituo bila kusimama. Lilishusha makasha yake kwa Edith, mlango wa nyuma, Edith akabandika stika, na kesho yake nesi Dolphine akazibandua. Edith alikuwa ameanza kufungua duka alfajiri na kuuza kabla kompyuta hazijaamka, na alisema biashara si mbaya sana. Daktari Mokaya naye alizoea. Aliomba tu awe anaonywa mapema, maana siku moja alikuja na kijiko cha mtu. Dirisha la kwanza Gordon alikuwa bado anasifiwa kwa wepesi, na watu wake walikuwa bado wanarudi Jumanne.

Kila asubuhi, kabla ya kumwita yeyote, Scovia aliifungua faili kuu. Aliweka kishale mwisho wa mstari wa dawa, akafuta neno zimeisha, akaandika zipo, akajaribu kuhifadhi. Huna ruhusa, kompyuta ilimwambia. Hakukasirika. Alijaribu tena kesho yake, kwa sababu kitu kinacholala na kuamka kinaweza siku moja kuamka kikiwa kimebadilisha mawazo, na kwa sababu kiuno kilikuwa kinamwuma.

Leo pia ilikataa. Mistari miwili ilikuwa pale pale, daktari hayupo, dawa zimeisha, na chini yake ule wenye kufuli. Scovia aliifunga, akarekebisha leso begani, akafungua faili yake mwenyewe, mahali ambapo majina yalikuwa yameshajaza skrini, akaweka mkato.

Akamwita mtoto wake aliyefuata. Alikuwa bibi kizee asiye na jino hata moja, na alikuja mbio.